Doa Karibu na Kilimia

Hasira ni hasara. Mwatumu aliambiwa hivyo tangu yuko mdogo kwao Kondoa, akaambiwa tena chuoni, na asubuhi ile akaambiwa na kondakta wa basi la Kasulu aliyemwona ameukumbatia mfuko wake huku ameuma meno. "Madam, hasira hasara," kondakta alisema kwa upole. Mwatumu akamjibu kwamba hasara ilishatangulia, hasira inaifuata nyuma kuikamata. Kondakta akaona heri akadai nauli za watu wengine.

Ndani ya mfuko zilikuwamo picha mbili za anga, kila moja kubwa kama daftari lililofunguliwa. Nyota zilikuwa tele, anga jeusi tii, na kile kifungu kidogo cha nyota za Kilimia kimejikunyata pale kinapokaa siku zote. Picha nzuri, angesema mtu yeyote. Hazina hata kipaku kimoja. Na hilo ndilo lililomtoa Mwatumu kitandani kabla ya jogoo, maana picha alizopiga yeye zilikuwa na doa.

Mwatumu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kata huko Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Serikali ilipompeleka kule alikuta maabara yenye meza, kabati na panya. Somo la lenzi alilifundisha kwa vitako vya chupa. Baadaye wakaja wageni fulani wakaiachia shule kamera nzuri ya kupigia picha za watahiniwa, na Mwatumu akaomba, akabembeleza, akanuna, mpaka mkuu wa shule, Mwalimu Nicodemus, akamruhusu kuitumia jioni ambazo haina kazi. Aliifunga kamera juu ya stuli kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaielekeza juu, na hiyo ikawa klabu ya anga. Wasichana wa bwenini wakaanza kuja uwanjani baada ya ugali wa jioni kutazama nyota kwenye kioo cha kamera.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2015, na Januari ndio mwezi ambao kidato cha tatu huchagua masomo. Fizikia ni hiari, na katika shule ile wasichana walikuwa wakiikimbia kama ukoma. Mwaka huo wasichana saba walisema wataisoma. Mwatumu hakuwahi kupata saba. Mwaka uliotangulia alikuwa na mmoja tu, akaolewa Mabamba kabla ya Pasaka, na mpaka leo Mwatumu hajamsamehe yule bwana harusi.

Aliyeliona doa kwanza ni Esteri, mmoja wa wale saba, msichana mrefu mwenye maneno machache. "Madam, hiki nini?" aliuliza, kidole kikiwa karibu na kioo bila kukigusa. Lilikuwa doa la kijani, hafifu, limetandaa kama pamba iliyochambuliwa. Nyota zote zilikuwa nukta. Hili lilikuwa na ukungu. Walipoinua macho juu, Esteri aliapa kwamba analiona hata bila kamera, wenzake wakaapa kwamba hakuna kitu.

Mwatumu alikuwa na dhana yake, lakini aliimeza. Mwalimu anayemwambia mtoto kila kitu ni sawa na mama anayemtafunia. Aliwaambia hivi: doa likiwa ndani ya kamera, litakaa kona ileile ya picha hata tukiigeuza kamera. Likiwa nyota, litakaa palepale kati ya nyota wenzake. Lakini likihama, likawaacha wenzake na kwenda zake, basi ni kitu kingine kabisa.

"Kitu gani?" wakauliza.

"Lihame kwanza."

Jioni iliyofuata mawingu yalifunika. Ile ya pili yake anga likafunguka, wakapiga tena. Kwenye kioo cha kamera lilionekana kama limesogea, lakini kioo chenyewe kilikuwa kidogo kama biskuti, na kuona "kama" si kuona. Zilihitajika picha kubwa za kuweka mezani pamoja na kupima kwa rula. Mwatumu akaitia kadi ya kamera katika bahasha, akamkabidhi kondakta aipeleke Kasulu kwa Stanislaus, mpiga picha mwenye mashine ya kutoa picha kubwa, akampigia simu: "Nitolee mbili za mwisho, kubwa." Mengine hakusema. Aliona hakuna la kusema.

Bahasha ikiwa njiani, Mwalimu Nicodemus akasikia habari za doa la kijani.

Sasa huku juu, mvua zikishika, kila kitu huota kuvu. Viatu huota, mikanda huota, Biblia na misahafu huota, na lenzi za kamera huota kuliko vyote. Wapiga picha wa Kibondo hulaza kamera zao ndani ya ndoo ya mchele mkavu, tena wengine huzifunika blanketi. Huku, doa la kijani kwenye picha halina mjadala. Ndiyo maana Mkuu aliposikia kuna doa la kijani hakutazama juu, alitazama kamera. Akatangaza kwamba umande umeotesha kuvu kwenye mali ya shule, akaifungia kamera kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

"Picha zikirudi utaona mwenyewe," Mwatumu alimwambia.

"Zikirudi nitaona," alisema Mkuu.

Zikarudi bila doa. Mwatumu aliipasua bahasha katika ofisi ya walimu mbele ya kila mtu, kwa sababu alikuwa na uhakika, na mwenye uhakika hana subira. Picha ya kwanza, hakuna doa. Ya pili, hakuna. Kadi iliyorudishwa pamoja nazo ilikuwa tupu kabisa, hata picha za watahiniwa hazimo. Mwalimu Nicodemus alizipokea zile picha, akazigeuza mbele na nyuma kwa adabu ya kuudhi.

"Kumbe kuvu ilikuwa kwenye kile kioo cha nyuma," alisema. "Nimekipangusa mwenyewe kwa leso. Lenzi yetu ni nzima. Bahati yako, Madam."

Laiti angeishia hapo. Kesho yake mstarini aliwaita wale wasichana saba mbele ya shule nzima. "Hawa ndio wanasayansi wetu," alisema. "Serikali inalia haina wanasayansi, kumbe wako hapa wanaangalia kuvu." Shule ikacheka, na walimu wawili wakacheka pia, Mwatumu aliwaona na hakuwasahau. Kufikia mchana wasichana wale walikuwa wameshapoteza majina. Huyu Kuvu Mrefu, yule Kuvu Mfupi, yule mwenye godoro jipya bwenini Kuvu Mwenye Godoro. Jioni Esteri akaja nyumbani kwa Mwatumu, akasimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Nimehama fizikia, Madam. Nimechukua masomo ya sanaa."

"Na wenzako?"

"Wote."

Hakulia. Hilo ndilo lililomchoma Mwatumu, maana mtoto anayelia unambembeleza, lakini huyu alikuwa ameshakubali. Mvua ilikuwa ikinyesha kila jioni tangu siku ya picha ya pili, kamera iko kabatini, na Mkuu alisema Ijumaa mchana anapeleka wilayani majina ya kila somo. Yakishakwenda hayarudi. Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi hiyo Mwatumu hakuingia darasani. Alipanda basi.

Studio ya Stanislaus Havyarimana ilikuwa jirani na stendi ya Kasulu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na kiti kikubwa cha dhahabu ya rangi. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati limenyooshwa pasi. Mama mmoja mwenye mtoto alikuwa akisubiri zamu yake kwenye benchi.

"Mwakeye, mwalimu," Stanislaus alimsalimu kwa Kiha.

Mwatumu hakuitikia. Aliziweka picha mezani. "Doa liko wapi?"

Stanislaus akatabasamu. Masikini alidhani anasifiwa. "Nimelitoa. Kwenye zote mbili. Limenisumbua, maana nyota ni nyingi, lakini nta kibazo, hakuna shida, mwalimu. Hapa kwangu kazi ya mtu haitoki na doa."

Mwatumu alimtazama, kisha akatazama ukutani nyuma yake. Walikuwa wamepangwa pale mabibi harusi wa wilaya nzima, na wote walikuwa na uso mmoja, laini kama yai lililomenywa. Hakuna chunusi, hakuna baka, hakuna mkunjo, hata bibi mmoja mwenye wajukuu miguuni alikuwa na mashavu ya mtoto wa darasa la tano. Hapo akaelewa yote, na kuelewa hakukumpunguzia kitu.

"Nilikuambia ulitoe?"

"Hukuniambia. Hakuna anayeniambia. Bibi harusi haji hapa akasema nitolee chunusi. Mimi naona, natoa, anafurahi."

"Na kadi yangu? Mbona tupu?"

"Virusi," alisema Stanislaus. "Kadi ikishaingia kwenye mashine yangu, nikimaliza naifuta yote, na kwenye mashine nafuta. Kuna virusi vimekula harusi nzima ya mtu wa Nyakitonto, nikakimbizwa kwa panga."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwatumu aliliona hilo, akaona na wasichana saba wakiwa mbele ya mstari, akasikia hasira inampanda kutoka miguuni. Hakupiga kelele. Alipokasirika sana sauti yake ilishuka, na wanafunzi wake waliiogopa hiyo kuliko fimbo.

"Hilo doa liko angani, Stanislaus. Si la kamera yangu, si la mashine yako. Umepanda mpaka angani ukafuta kitu ambacho hukukiweka, hukukijua, na hukuuliza. Sasa hivi kuna watoto wa watu wanaitwa Kuvu kwa sababu ya mkono wako. Kesho mchana wanaacha fizikia, na hawatairudia tena maisha yao yote. Nani alikufundisha kwamba kila usichokielewa ni uchafu?"

Mama mwenye mtoto akanyanyuka taratibu, akatoka. Tabasamu la Stanislaus nalo likatoka. Alikaa kwenye kile kiti cha dhahabu, kiti cha wateja, kama mtu aliyesahau yuko wapi.

"Nilifundishwa dirishani," alisema.

"Dirisha gani?"

"La karatasi za uraia." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, na Kirundi kikaanza kuvuta maneno yake. "Mimi nimezaliwa hapahapa, mwalimu, lakini wazazi walikuja kwa mguu wakikimbia kutoka Burundi. Mama yangu alikuwa na kovu hapa." Akagusa shavu la kushoto. "Mundu wa kukatia majani ya migomba. Tulipoomba uraia tukapeleka picha yake. Kijana wa dirishani akairudisha, akasema picha ina doa. Nikamwambia, si doa, ni mama. Akasema doa. Tukangoja, tukaenda tena. Doa. Mama akawa anafunika shavu kwa kitenge hata nyumbani, mbele yetu sisi watoto wake. Basi nikakaa kwenye mashine, nikachukua ngozi ya shavu la kulia, nikaibandika juu ya kovu. Ikapokelewa siku hiyohiyo. Tangu hapo akija mtu hapa, awe Muha, awe Mrundi, awe askari, simwachii doa. Sitaki mtu arudishwe dirishani kwa ajili yangu."

Akazitazama zile picha za anga kwa chuki.

"Wewe umekuja kutoka Kibondo kunigombeza kwa doa la angani. Mimi nimemfuta mama yangu. Amekufa, na picha iliyobaki ni ileile. Watoto wangu wanamjua bibi ambaye hakuwapo. Mimi nimgombeze nani, mwalimu? Nenda basi wewe kamuulize yule kijana nani alimfundisha."

Mwatumu alikuwa amekuja na hasira ya kuwatosha watu wawili, na sasa akaikuta ya mwenzake ni ya zamani zaidi na haikuwa na pa kwenda. Angekuwa mtu mwingine angemhurumia. Yeye, ukweli usemwe, bado alitamani kumvunjia kile kiti. Lakini katikati ya maneno yale alikuwa amesikia kitu, na ualimu ni ugonjwa, hauachi mtu hata akiwa amekasirika.

"Ulichukua ngozi ya shavu la kulia," alisema polepole. "Na hapa? Ulibandika nini juu ya doa langu?"

"Anga la pembeni."

"Na nyota zake?"

"Na nyota zake. Ningeweka nyeusi tupu ingeonekana kiraka."

Mwatumu akaichukua picha ya kwanza, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alianzia kwenye Kilimia, akashuka kwa kidole nyota kwa nyota. Palikuwa na nyota tatu ndogo zilizosimama kama mafiga, na ya nne imejitenga nazo upande wa chini. Kidole kikaendelea. Kidogo tu pembeni yake, nyota tatu zimesimama kama mafiga, na ya nne imejitenga upande wa chini.

"Njoo hapa," alimwambia Stanislaus, naye akaja. "Hizi tatu na hii. Hizi tatu na hii. Mungu hakuumba nyota kwa karatasi ya kunakili. Hizi ni za kwake, na hizi ni za kwako. Zipi zako?"

Stanislaus aliinama. Alikuwa na kioo cha kukuzia alichotumia kukagua picha za pasipoti, akakileta, akatazama kwa muda. "Za kushoto," alisema. "Mkono wangu naujua. Nachukua kulia, nabandika kushoto, siku zote. Na ukingo huu nimeulainisha, unauona?" Bila kuambiwa akachukua kalamu nyekundu akazungushia duara. "Doa lilikuwa humu. Katikati kabisa."

"Ya pili."

Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu alikuwa ameifanya kwa ustadi zaidi, na Mwatumu akamwambia wazi kwamba ustadi wake unamchukiza. Mwishowe wakaipata: nyota mbili angavu kidogo na uzi wa vinukta vilivyopinda, vimejirudia mara mbili. Duara jekundu. Wakazilaza picha pamoja mezani, wakapima kwa rula kutoka kwenye Kilimia mpaka katikati ya duara. Katika ya kwanza doa lilikuwa mbali. Katika ya pili lilikuwa limekikaribia Kilimia kwa upana wa vidole vitatu, na hata kwenye karatasi yenyewe halikukaa kona ileile.

"Kuvu haitembei," alisema Mwatumu.

"Na nyota?"

"Nyota hazihami majirani zake. Hii ni nyota mkia. Inapita tu. Ikishapita, hatutaiona tena sisi, wala wajukuu wetu."

"Mkia wake sikuuona."

"Kamera yetu ndogo, imeona kichwa tu. Hicho ndicho ulichokikata."

Stanislaus aliichukua ile kalamu, akaifunika, akaiweka mfukoni mwa shati. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu, kwamba basi la kurudi Kibondo linaondoka saa nane.

"Nakuja na wewe," alisema. "Nimefuta mimi, nitasema mimi."

Mwatumu alikuwa amejiandaa kumburuta. Akabaki na nguvu zake mkononi.

Ijumaa asubuhi walikuwa wamesimama wote wawili katika ofisi ya Mwalimu Nicodemus huko Kumsenga, viatu vyao vimejaa tope jekundu. Mkuu hakuwa mjinga, na hilo lilimfanya Mwatumu amchukie zaidi. Alizisikiliza hoja zote. Alipima kwa rula yake mwenyewe, mara mbili. Mwatumu aliona kabisa ile dakika alipoelewa, nyusi zilivyopanda, na akaona alivyozishusha tena.

"Shida ni moja," alisema Mkuu. "Picha hizi zimechezewa. Huyu bwana anakiri mwenyewe. Picha iliyochezewa haiwezi kuwa ushahidi wa kitu chochote. Nikisimama mstarini na picha iliyofutwafutwa na mtu wa studio, nitaeleweka vipi?"

"Umeelewa mwenyewe," alisema Mwatumu. "Nimekuona."

"Utaratibu, Madam."

Hapo Stanislaus, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa dirishani, akasimama. Hakuwa akimtazama Mkuu. Alikuwa akitazama ukutani juu ya kichwa chake, ambapo palikuwa na picha kubwa ya Mwalimu Nicodemus ndani ya fremu, amevaa joho la mahafali.

"Samahani, Mkuu. Hiyo picha niliitoa mimi."

"Ndiyo. Ilikuwa kazi nzuri."

"Nilikutoa mvi zote. Nikatoa na baka lako la kwenye paji. Nilichukua ngozi ya shingoni nikapandisha juu."

Mkono wa Mkuu ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso, ukafika, ukajutia safari.

"Kama picha niliyoichezea haiwezi kusema kweli," Stanislaus aliendelea, akiisogelea ile fremu, "basi huyo hapo juu si wewe. Nimshushe niondoke naye. Na kama ni wewe, pamoja na mkono wangu wote, basi na doa hili ni la kweli. Huwezi kukubali la kwako ukakataa la watoto. Mimi nimechoka na watu wa kukaa nyuma ya meza wakaniambia kilichoko mbele yangu hakipo."

Alikuwa amefika karibu na fremu na mikono ameinua. Mwatumu alifikiri atamzuia, kisha akaona kwamba hataki kumzuia. Mkuu alimtazama mpiga picha, akamtazama Mwatumu, akatazama mlango uliokuwa wazi, ambapo mhasibu wa shule alikuwa amesimama kitambo na mafaili yake.

"Sawa," alisema. "Jumatatu nitalitolea maelezo."

"Majina yanakwenda leo mchana," alisema Mwatumu. "Uliwapaka matope mstarini, utawaosha mstarini, na ni leo." Akatoka bila kuruhusiwa, akaenda mpaka kwenye rimu ya gari iliyoning'inia mtini, akaigonga mwenyewe mpaka mkono ukauma.

Shule ilipanga mstari ikishangaa, maana haukuwa wakati wake. Mwalimu Nicodemus akasimama kwenye ngazi, akakohoa, akarekebisha tai. Alisema kumekuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi. Alisema wataalamu wameshauriana. Alisema sayansi ni safari ndefu, na katika safari kuna kuteleza, na shule inathamini juhudi za klabu zake zote ikiwemo ya mazingira. Mwatumu alikuwa akimsikiliza huku kucha zake zikiingia viganjani. Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa laini, hayana hata chunusi.

Katikati ya mstari wa kidato cha tatu mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa mrefu, kila mtu aliujua.

"Samahani, Mkuu," alisema Esteri. "Ni kuvu au si kuvu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza mwenyewe. Mkuu akatazama viatu vyake.

"Si kuvu," alisema.

"Wa nyuma hawajasikia, Mkuu," alisema Mwatumu.

Alijua anavuka mpaka, na alijua atalipia. Mwalimu Nicodemus akamgeukia, na yeye hakuyaondoa macho. Stanislaus alikuwa amesimama kando ya mlango wa ofisi, mikono nyuma, anangoja kama wanafunzi wengine.

"Si kuvu," Mkuu akasema tena, na safari hii hata wapishi jikoni walisikia.

Esteri hakutabasamu. Alitoka kwenye mstari bila kuitwa, akaja mpaka chini ya ngazi, na wale sita wakatoka mmoja mmoja wakamfuata, mpaka wakasimama palepale waliposimamishwa siku ile ya kuchekwa.

"Basi turudishie majina yetu," alisema.